Vilima Vilivyotoka Chini ya Ardhi

Msafiri anayekaribia mji wa Lens, kaskazini mwa Ufaransa, huona vilima viwili vyeusi vyenye ncha kabla hajaona mnara wa kanisa wala paa la nyumba. Nchi yote ile ni tambarare, mashamba yamelala mpaka upeo wa macho, kisha ghafla yanasimama mapiramidi mawili yenye kimo cha takriban mita 140, yameegemeana kama mapacha. Hayakuletwa na volkano wala na kukunjamana kwa miamba. Kila jiwe lililomo lilipandishwa kutoka mgodini, likatengwa na makaa ya mawe, kisha likamwagwa pale kwa sababu halikuwa na mnunuzi. Vilima hivyo vya Loos-en-Gohelle havikupewa hata majina; katika daftari za migodi vilitambulika kwa namba, 74 na 74a, kama vitu vya stoo. Mwaka 2012 viliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Kati ya namba za stoo na Urithi wa Dunia pana fundo, na fundo hilo halifunguki kwa kuvuta upande mmoja. Mhandisi aliyefunga mgodi anaona taka. Mzazi ambaye nyumba yake iko chini ya mteremko anaona hatari. Mwenye mtambo wa kuchenjulia, yaani wa kutenga madini na mawe, anaona akiba ya madini ambayo tayari imekwisha kuchimbwa. Aliyezaliwa akikiona kilima hicho dirishani kila asubuhi anaona kwao. Wote hao wanasema kweli, na ndiyo maana mabishano juu ya kuyaondoa au kuyahifadhi malundo ya migodi ya zamani huwa marefu na yenye uchungu. Naamini sehemu kubwa ya mkanganyiko huo inatokana na kuviita kwa jina moja vitu ambavyo havifanani, kwa hiyo inafaa kuanza kwa kuvitenganisha.

Aina ya kwanza ni mwamba mtupu uliovunjwa ili kuufikia mshipa wa madini. Katika machimbo ya dhahabu ya kanda ya Ziwa nchini Tanzania mawe ya namna hii yanajulikana kama magwangala, neno ambalo nalipenda kwa sababu halidai kwamba jiwe halina kitu kabisa. Linakubali kwamba limebaki na kidogo ambacho mgodi mkubwa haukuona faida ya kukifuata. Aina ya pili ni mawe na matope yanayotengwa na makaa kwenye mitambo ya kuoshea, na hayo ndiyo yaliyojenga vilima vingi vya Ufaransa, Ubelgiji, Uingereza na Ujerumani. Aina ya tatu ni mchanga na tope laini linalosalia baada ya mawe yenye madini kusagwa na kuchenjuliwa. Wachimbaji wadogo huyaita mabaki hayo marudio, kwa kuwa kuna siku mtu atayarudia. Aina ya nne haikutoka shimoni moja kwa moja, imepitia tanurini: ni mabaki yaliyoyeyuka kisha yakaganda, ndugu wa yale ambayo Waswahili wameyaita mavi ya chuma tangu enzi za wahunzi. Lundo la mawe makavu hupitisha maji na kwa kawaida hukaa imara. Lundo la tope hushika maji na linaweza kugeuka uji. Lundo la tanurini ni gumu, karibu na kioo. Mtu anayezungumzia usalama, sumu au thamani ya kilima cha mgodi bila kutaja kwanza ni cha aina ipi, hajasema kitu bado.

Swali linaloulizwa mara kwa mara ni kwa nini kifusi hakirudishwi shimoni. Gharama ni jibu mojawapo, lakini lipo jibu jingine la kimaumbile ambalo wengi hawalifikirii. Mwamba ukiwa ardhini umeshikamana. Ukishavunjwa, vipande vyake havipangiki tena kama mwanzo, na katikati yake hubaki mianya ya hewa. Mwamba mgumu uliovunjwa huchukua nafasi kubwa kuliko ulipokuwa mzima, mara nyingi kwa theluthi moja hadi nusu. Hata kampuni yenye nia njema isingeweza kuufanya mgodi umeze tena kila ulichotapika. Ongeza hapo uwiano wa taka na bidhaa. Udongo mweupe wa kaure unaochimbwa Cornwall, Uingereza, huacha takriban tani tisa za taka kwa kila tani moja inayouzwa, na vilima vyake vyeupe vimepewa jina la Alpi za Cornwall. Kwenye dhahabu pengo ni kubwa zaidi, kwani bidhaa hupimwa kwa gramu na taka kwa tani.

Umbo la lundo nalo lina habari zake. Mawe yakimwagwa kutoka juu huporomoka mpaka mteremko ufikie pembe ambayo yanaweza kutulia, kwa kawaida nyuzi 30 na kitu hadi kukaribia 40, na kuanzia hapo kila jiwe jipya hubingirika upande mmoja au mwingine bila kuibadilisha pembe hiyo. Mawe makubwa hubeba kasi yao hadi chini kabisa, madogo hukwama karibu na kilele. Mtu anayeanza kupanda kilima cha namna hiyo kutoka kitakoni hukanyaga mawe yanayolingana na kichwa cha mtu. Akifika katikati anakanyaga mawe ya ukubwa wa ngumi. Karibu na kileleni mguu unazama katika changarawe laini, na kila hatua mbili anazopanda anarudishwa moja. Mpangilio huo haukufanywa na mkono wa mtu. Ni uzito wa mawe yenyewe.

Darasa zuri la maumbo haya ni wilaya ya Mansfeld, Ujerumani, ambako shaba ilichimbwa kwa karibu miaka 800 mpaka uchimbaji ulipokoma mwaka 1990. Tabaka lenye shaba huko ni jembamba, mara nyingi halifiki nusu mita, nalo hujitokeza juu ya ardhi kwenye ukingo wa bonde kisha huinama taratibu kwenda kilindini. Wachimbaji wa kwanza walianzia ukingoni, mahali pasipo na kina, wakaacha vilundo vidogo kwa mamia, kila kimoja kando ya kishimo chake. Tabaka lilipowavuta kwenda chini, mashimo yakawa machache na marefu zaidi, na malundo yakawa makubwa yenye mgongo bapa, kwa kuwa kifusi kilisukumwa kwa mabehewa juu ya lundo hadi ukingoni mwake na kumwagwa hapo. Katika karne ya 20 zikaja njia za kupandisha mabehewa mpaka kileleni, na hapo ndipo yakazaliwa mapiramidi yanayoonekana kutoka mbali. Anayetembea kutoka ukingoni kuelekea katikati ya bonde anapita karne baada ya karne, na ukubwa wa kila lundo humdokezea kina cha shimo lililo chini yake. Baba yake Martin Luther alijipatia riziki kwa kuyeyusha shaba katika wilaya hiyohiyo, na mandhari ya vilundo ndiyo aliyokulia mwanawe.

Kwa maneno mengine, lundo ni picha ya mgodi iliyogeuzwa juu chini. Kilichokuwa kirefu kwenda chini kimekuwa kirefu kwenda juu. Mgodi ukishafungwa na mlango wake kuzibwa, na majengo ya juu kubomolewa kwa ajili ya chuma chakavu, picha hiyo mara nyingi ndiyo pekee inayobaki.

Rangi inaongeza ushahidi. Lundo jipya la makaa ni jeusi, kwa kuwa mtambo wa kuoshea hautoi makaa yote. Ndani yake kuna pairaiti, mchanganyiko wa chuma na salfa unaometameta kama dhahabu, na pairaiti ikikutana na hewa pamoja na unyevu hutoa joto. Joto likikosa pa kutokea, makaa yaliyosalia hushika moto yenyewe, na lundo linaweza kuungua ndani kwa ndani kwa miongo mingi huku juu pakifuka mvuke tu. Moto huo huyaoka mawe kama matofali hadi yawe mekundu. Kwa hiyo kilima chekundu cha makaa kwa kawaida kimekwisha kuungua, na cheusi bado kimebeba kuni zake. Magharibi ya Edinburgh, katika eneo la West Lothian, wekundu wa malundo una asili nyingine: mwamba wenye mafuta ulichomwa kwa makusudi katika matanuri ili utoe mafuta ya taa, kazi iliyoanzishwa na James Young katikati ya karne ya 19 na kuendelea hadi mwaka 1962. Makapi yake ya rangi ya waridi yalirundikwa kando ya viwanda. Huko West Calder malundo matano yametandazwa kama vidole vya mkono uliofunguliwa, na wenyeji wanayaita Five Sisters, yaani Dada Watano.

Malundo ya West Lothian yalihusika katika jambo lililosaidia kubadili namna watu wanavyoviangalia vilima hivi. Kati ya mwaka 1975 na 1976 msanii John Latham aliwekwa kwa muda katika ofisi ya serikali ya Scotland, wakati ambapo maofisa walikuwa wakitafuta njia ya kuviondoa. Pendekezo lake lilikuwa vitangazwe kuwa kazi za sanaa na viachwe vilivyo. Wakati huo lilionekana pendekezo la ajabu. Leo Five Sisters ni kumbukumbu inayolindwa kisheria.

Lakini hadhi ya alama haikuanza na wasanii wala sheria. Kinacholifanya lundo liwe alama ya nchi, kwanza, ni mahali lilipo. Makaa mengi ya kaskazini mwa Ufaransa na Ubelgiji yako chini ya nchi tambarare, na katika nchi tambarare kitu chochote chenye mita mia moja kinatawala anga: kwacho mtu hujua kaskazini iko wapi, kijiji gani kiko nyuma yake, na amebakiza mwendo gani kufika nyumbani. La pili linanigusa zaidi. Mlima wa kawaida mtu huukuta ulivyo na huuacha ulivyo, lakini kilima cha mgodi watu walikiona kikikua. Mtoto aliyekikuta na kimo cha nyumba alikuja kukiona kimepita mnara wa kanisa, na alijua kabisa kwamba sehemu ya kimo hicho ilitoka mahali ambapo baba yake alikuwa amepiga magoti gizani. Mchimbaji alilipwa kwa makaa aliyoyatoa, si kwa mawe. Makaa yaliteketea zamani katika majiko na mashine za mvuke, wala hakuna awezaye kuyaonyesha. Kazi ya mikono yake inayoonekana mpaka leo ni yale mawe aliyotoa bila kuthaminiwa.

Ukiokota kipande cha mwamba-tope kwenye lundo la makaa na kukipasua kwa kisu kufuata matabaka yake, si ajabu kukuta ndani alama ya jani la kangaga, mishipa yote ikiwa mahali pake, nyeusi inayong'aa juu ya kijivu. Jani hilo lilianguka kwenye kinamasi yapata miaka milioni 300 iliyopita. Kwa mchimbaji aliyekuwa na tani za kujaza lilikuwa jiwe tu la kutupwa. Watafiti wa visukuku wamepata mengi kwenye malundo haya, kwa sababu hakuna njia rahisi zaidi ya kuifikia miamba ya kilindini kuliko kuikuta tayari imepandishwa.

Mtazamo wa serikali kuhusu alama hizi umebadilika ndani ya umri wa mtu mmoja. Hifadhi ya Taifa ya Snowdonia, Wales, ilipotangazwa mwaka 1951, mpaka wake ulichorwa ukauzunguka mji wa Blaenau Ffestiniog na kuuacha nje kama tundu katikati ya hifadhi, kwa kuwa malundo yake makubwa ya vipande vya mawe ya kuezekea yalionekana kuiharibu mandhari. Mwaka 2021 UNESCO ilitambua mandhari ya mawe hayo ya kaskazini-magharibi mwa Wales kuwa Urithi wa Dunia, na malundo ya Ffestiniog yakiwa miongoni. Mawe hayakuhama. Kwa Ufaransa, orodha ya mwaka 2012 ilijumuisha maeneo 109, na ndani yake malundo 51, yakiwa katika daraja la mandhari ya kitamaduni pamoja na mashimo, nyumba za wafanyakazi, shule na stesheni za reli. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kwa sababu haukuling'oa lundo kutoka kwa maisha yaliyolizaa. Lundo peke yake ni kilima cha kupandia matembezi ya jioni. Likiwa na mtaa wa wachimbaji kando yake, linaeleweka.

Hata hivyo ingekuwa makosa makubwa kuvisifu vilima hivi bila kusema habari za Aberfan. Kijiji hicho cha Wales kilikuwa chini ya mlima uliotumika kurundikia kifusi cha mgodi wa Merthyr Vale, lundo baada ya lundo. Lundo namba 7 lilianzishwa mwaka 1958 juu ya chemchemi, nazo chemchemi hizo zilikuwa zimechorwa kwenye ramani zilizochapishwa. Pamoja na mawe, lilipokea makapi laini ya mtambo wa kuoshea makaa. Dalili zilikuwapo: lundo jingine mlimani hapo lilikuwa limeteleza mwaka 1944, namba 7 lenyewe lilisogea mwaka 1963, na mhandisi wa halmashauri aliandika barua ya kuonya juu ya tope lililokuwa likimwagwa nyuma ya shule. Ijumaa ya tarehe 21 Oktoba 1966, saa tatu na robo asubuhi, wakati watoto wameanza tu masomo, lundo lililolowa lilipoteza nguvu ya kujishika, likashuka mlimani na kuifukia Shule ya Msingi ya Pantglas pamoja na nyumba za jirani. Walikufa watu 144. Kati yao 116 walikuwa watoto.

Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Edmund Davies ilitoa ripoti mwaka 1967 na kuibebesha lawama Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe, ikaeleza kwamba bodi hiyo haikuwa na sera yoyote kuhusu malundo. Hilo ndilo somo la kiufundi lililo ndani ya msiba ule: mashimo yalikuwa na kanuni na wakaguzi kwa sababu kila mtu alijua kwamba shimo huua, ilhali lundo lilihesabiwa kuwa mwisho wa kazi, kitu kilichokwisha kushughulikiwa. Sheria ya Uingereza ya malundo ya migodi ilikuja mwaka 1969. Malundo yaliyobaki juu ya Aberfan yaliondolewa baada ya wenyeji kuyapigania, na pauni 150,000 za kazi hiyo zilichukuliwa kutoka mfuko wa misaada ya waathirika, dhuluma ambayo haikurekebishwa mpaka fedha hizo ziliporudishwa mwaka 1997. Baada ya hapo malundo mengi ya Wales yalisawazishwa na kuoteshwa majani. Yeyote anayehuzunika kwamba alama hizo zimetoweka anapaswa kukumbuka kwamba kwa mabonde yale kilima cheusi juu ya shule kilikuwa kimekoma kuwa alama ya nyumbani.

Tofauti ya aina za kifusi inajitokeza hapa kwa nguvu zake zote. Mapacha ya Loos-en-Gohelle yamesimama juu ya ardhi tambarare. Lundo la Aberfan lilikuwa na mawe na tope juu ya mteremko uliotoa maji. Tope lililozuiwa kwa ukingo ni hatari kuliko yote. Huko Merriespruit, Afrika Kusini, ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa dhahabu ulipasuka baada ya mvua ya Februari 1994 na kuua watu 17 katika mtaa uliojengwa karibu nalo. Lundo gumu la tanurini nalo linaweza kuua likichokonolewa: mwezi Juni 2018 watu 10 waliokuwa wakitafuta shaba katika lundo linalojulikana kama Black Mountain, mjini Kitwe, Zambia, walifukiwa lilipoporomoka.

Sumu ni hatari ya namna nyingine, isiyo na kishindo. Pairaiti ileile inayowasha moto ndani ya malundo ya makaa, ikipata maji ya kutosha badala ya kupata joto, huzalisha tindikali ya salfa, na tindikali hiyo huyeyusha metali zilizomo na kuzishusha mitoni. Mgodi wa shaba wa Kilembe, magharibi mwa Uganda, ulifanya kazi kuanzia mwaka 1956 hadi 1982 na kuacha lundo la pairaiti karibu na mji wa Kasese. Mvua iliyalowesha makapi hayo mwaka hadi mwaka, na maji yaliyotiririka kuelekea Hifadhi ya Malkia Elizabeth yakaacha ukanda ambao majani yalikataa kuota. Huko Picher, Oklahoma, Marekani, malundo ya changarawe ya kijivu kutoka migodi ya risasi na zinki yalikuwa fahari ya mji na uwanja wa michezo. Watoto waliteleza juu yake, na changarawe ilimwagwa barabarani na uani. Risasi ilipopatikana kwenye damu ya watoto hao, ilibidi familia zihamishwe, na mwaka 2009 mji ulifutwa rasmi. Kabwe, Zambia, ambako mgodi wa risasi na zinki ulifungwa mwaka 1994, watoto bado wanaishi na vumbi la makapi yake.

Kinyume cha sumu ni thamani, nayo mara nyingi imo kwenye lundo lilelile. Makapi hupimwa kwa teknolojia ya siku yalipotupwa; teknolojia ikibadilika au bei ikipanda, taka hugeuka mbale, yaani mawe yenye madini ya kuchimbwa. Jambo hili ni la kale. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki aliyeandika yapata miaka 2,000 iliyopita, alieleza kwamba wachimbaji wa Attica, nchi iliyozunguka Athens, fedha ya ardhini ilipowaishia, waliyeyusha upya makapi ya wazee wao na bado wakapata fedha. Katika miaka ya 1860 kampuni ya Wafaransa na Waitalia ilirudi Laurion, kwenye machimbo hayohayo ya Attica, na kuyachoma makapi hayo ya kale kwa mara nyingine, na mgogoro mkali ukazuka kati yake na serikali ya Ugiriki kuhusu nani hasa alikuwa mwenye malundo.

Johannesburg ndipo ambapo alama na akiba vimegongana waziwazi kuliko kwingine. Dhahabu ilipatikana hapo mwaka 1886, na kuanzia mwaka 1890 mawe yaliyosagwa yalianza kuchenjuliwa kwa sayanaidi, kemikali yenye sumu kali, njia iliyotoa dhahabu kutoka mwamba ambao usingelipa kwa njia nyingine yoyote. Mchanga uliobaki ulirundikwa kufuata mkanda wa mwamba, mashariki kwenda magharibi, hata safu ya vilima vya manjano ikawa kama ramani ya dhahabu iliyochorwa juu ya uso wa nchi. Ramani hiyo ikatumika pia kuwatenga watu: mkanda wa migodi na malundo yake ulikuwa ukuta kati ya vitongoji vya Wazungu kaskazini na mitaa ya Weusi kusini. Vumbi la manjano, ambalo mwamba wa huko umelitia pia urani, lilipeperushwa na upepo kwenye nyumba za upande wa pili. Juu ya lundo mojawapo karibu na katikati ya jiji kulikuwa na sinema ya wazi, Top Star, ambako watu walitazama filamu wakiwa ndani ya magari yao huku taa za jiji zikiwaka chini. Kuanzia miaka ya 1970, bei ya dhahabu ilipopanda, malundo yakaanza kubomolewa kwa mipira ya maji yenye kasi kubwa, mchanga ukasukumwa kwa mabomba hadi mitamboni ili itolewe dhahabu isiyofikia nusu gramu kwa tani. Top Star ilifungwa mwaka 2006 na lundo lake likaenda njia hiyohiyo. Sioni kwamba ni rahisi kuhukumu hapa. Waliovuta vumbi hilo wana haki ya kufurahi linapoondolewa, lakini mchanga uliochenjuliwa upya hautoweki; hupelekwa kwenye bwawa jipya na kubwa zaidi nje ya jiji, mahali ambapo wengine wanaishi.

Lubumbashi, katika Kongo, lundo la makapi ya tanuri ya shaba na bomba refu la moshi lililo kando yake ndivyo vinavyoutambulisha mji. Tanuri hiyo ilianza kazi mwaka 1911. Makapi yake yana kobalti, metali yenye thamani, na tangu mwaka 2000 mtambo maalumu umekuwa ukiyala kidogo kidogo, kwa hiyo wakazi wa mji huo wanaishi na alama inayopungua mbele ya macho yao. Huko Kasese nako lundo la pairaiti lilitafunwa kuanzia mwaka 1999, safari hii kwa msaada wa bakteria waliotumiwa kutoa kobalti. Faida mbili zilipatikana pamoja, madini yakatoka na chanzo cha tindikali kikapungua, na ningependa kuona mfano huo ukifuatwa palipo na malundo yenye sumu, kwani hapo swali la kuhifadhi halipaswi kuja kwanza.

Palipo na malundo makavu yasiyo na sumu, mwenye mali mpya huwa ni mimea. Udongo mweusi hupata joto haraka kwa jua, maji hayatuami, rutuba ni haba, na mazingira hayo magumu huyafukuza majani ya kawaida na kuyakaribisha yale yasiyoonekana kwingine katika nchi tambarare. Kwenye vilima vya kaskazini mwa Ufaransa huota mmea wenye majani machachu (Rumex scutatus), ambao kwao hasa ni miteremko ya mawe ya milima mirefu. Kijiji cha Haillicourt kilipanda mizabibu kwenye mteremko wa lundo lake mwaka 2011 na kinatengeneza mvinyo. Katika Katanga, eneo la Kongo ulipo mji wa Lubumbashi, yapo majani ambayo hustawi palipo na shaba ardhini, kiasi kwamba watafutaji wa madini wamekuwa wakiyatumia kama kielelezo.

Mti unaotangulia kuota kwenye malundo ya Ulaya ni mbetula, wenye gome jeupe na mbegu nyepesi zinazobebwa na upepo. Huanzia kitakoni, kati ya mawe makubwa yaliyobingirika hadi chini, kisha hupanda mwaka baada ya mwaka kuelekea kwenye changarawe ya juu. Wakati wa kiangazi, lundo lililofunikwa hivyo hulitofautishi kwa urahisi na kilima chochote cha msituni, na wageni hupita bila kuuliza. Majira ya baridi yakiingia majani hupukutika, na kati ya mashina meupe hujitokeza tena mteremko mweusi ulionyooka, wenye pembe ileile ambayo mawe yalitulia siku behewa la mwisho lilipomwagwa.